Kumchungia Déo Fasi

Nakumbuka asubuhi moja kwenye robine ya Murara, bomba la maji la mtaa wetu wa Goma, mwanangu, maji yalifungwa wakati yalikuwa yanatoka vizuri. Aliyeyafunga ni mama aliyeshika ufunguo wa robine, mtu mnene na mtaratibu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alifunga, akauficha ufunguo ndani ya kitenge chake, akaketi juu ya jiwe jeusi kana kwamba amemaliza kazi ya siku. Sisi tukabaki tunatazamana na bidoni zetu, madumu ya kuchotea maji.

Wewe umezaliwa kwenye nyumba yenye tangi juu ya paa, kwa hiyo acha nikueleze. Kule foleni haikuwa ya watu. Ilikuwa ya bidoni. Uliweka bidoni yako ya manjano kwenye mstari, ukaiwekea jiwe isipeperuke, ukaenda kuwasha moto, kuogesha mtoto, kufanya yako. Aliyekuwa nyuma yako aliisukuma mbele kila mstari uliposogea, pamoja na ya kwake. Tuliita jambo hilo kumuchungia mutu fasi, yaani kumtunzia mtu nafasi yake. Bidoni ikifika mbele na mwenyewe hayupo, jina lake liliitwa. Asipoitika iliwekwa kando ya robine, kando lakini mbele, na akifika alichota mara tu yule anayechota alipomaliza. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika popote, ila hata mtoto anayejifunza kubeba kibuyu aliijua.

Basi asubuhi ile kijana mmoja mgeni, mwenye viatu vya kung'aa vya kwenda kazini, alikuta mbele yake bidoni isiyo na mtu. Aliinyanyua akaitupa nyuma kabisa. Alikuwa na haraka, maskini. Ndipo maji yakafungwa. Mama wa ufunguo alimwambia maneno machache tu:

"Mwenyewe eko nanyonyesha. Rudisha kwanza."

Kijana akaenda kuirudisha, shingo imemlegea, na maji yakafunguliwa. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilikuwa msichana wa namna hiyo, napenda kuona watu wa haraka wakiumbuka, mradi si mimi. Nyuma yangu kidogo alisimama Papa Célestin na bidoni yake mkononi kama sisi wote, ingawa kazini alikuwa shefu, mkubwa wangu. Yeye hakucheka. Alinitazama tu, na mimi sikujali.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ghala kubwa la dawa, upande wa Katindo. Kutoka pale magari yalipeleka dawa kwenye hospitali na vituo vya afya, Rutshuru hadi milima yetu ya Masisi. Niliingia kama mpiga taipu. Papa Célestin ndiye aliyeniona nikisoma kwa kuibia vitabu vya kompyuta alivyoviacha mezani, akanihamisha kwenye chumba cha mashine na kunifundisha kuandika programu. Mashine ilikuwa moja, kubwa kama makabati mawili yaliyosimama bega kwa bega, na ghala zima liliitegemea. Makarani walikuwa na skrini na vibonye tu. Kufikiri kote kulifanyika ndani ya yale makabati.

Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, mwanangu. Hiyo simu yako ingeicheka. Karani alipokaa kwenye skrini yake, mashine ilimkatia chumba chake ndani ya kumbukumbu, na kila programu aliyoifungua ililetwa humo, nakala yake peke yake. Makarani wote wakifungua programu ile ile, mashine ilibeba nakala tele za kitu kimoja, ikaanza kusuasua, na watu wakaanza kutoka kwenda kunywa chai.

Dawa yake tuliijua. Programu inayotumiwa na wengi unaiweka mara moja tu, kwenye kipande cha kumbukumbu kilichotengwa kwa ajili ya wote, na kila mtu anaisoma pale pale. Ni kama kanisani kwetu enzi zile. Vitabu vya nyimbo vilikuwa vichache, kwa hiyo maneno yaliandikwa kwenye ubao mkubwa mbele, kanisa zima likasoma ubao mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda na chaki yake.

Ila ubao unataka ukuta. Kipande cha pamoja kina anwani zake ndani ya mashine: kinaanzia hapa, kinaishia pale. Lazima ukitenge kwanza na kukipa jina, ndipo ukijaze. Na huwezi kutundika mbao mbili juu ya msumari mmoja. Vipande viwili vikipandiana anwani, hata ukingoni tu, mtu mmoja hawezi kuvifungua vyote kwa wakati mmoja. Akifungua kimoja, mashine inamnyima cha pili. Najua hata hiyo mashine unayoitunza wewe leo, ambayo hujawahi hata kuigusa kwa kuwa iko nchi ya mbali, bado ina tabia hiyo.

Nilikuwa nimemaliza programu yangu ya kwanza maishani. Ilipanga safari za magari: gari gani, njia gani, dawa gani. Ili ifae kitu, karani alipaswa kuifungua pamoja na programu ya zamani, ile iliyoonyesha dawa zilizomo ghalani. Nikatafuta ukuta wa kutundika ubao wangu, nikakuta ukuta umejaa. Sehemu kubwa sana ilikuwa imetengwa kwa jina la Déo.

Déo alikuwa mwenzangu chumbani, kijana mwembamba kutoka Rutshuru, mwenye maneno ya kuhesabika. Alikuwa akitengeneza programu ya chanjo na friji zake, na hakuwa ameifikisha hata nusu. Lakini nafasi alishaitenga, pana, yenye jina, na ndani yake hamna kitu. Mashine haikujua kwamba hamna kitu. Ilisoma jina tu na kuliheshimu, mwezi baada ya mwezi. Nafasi iliyobaki ilikuwa finyu, na sehemu yake ilipandiana na ile programu ya dawa za ghalani. Nikaitia yangu hapo hapo nikiomba Mungu.

Mungu alinisikia, lakini mashine haikunisikia. Karani wetu wa magari, Mama Vumilia, alilazimika kufungua programu ya ghala, kuangalia dawa zilizopo, kuzinakili kwenye kiganja kwa biki, kuifunga, kisha kufungua yangu na kusoma kiganja chake. Siku moja alinawa mikono katikati ya safari hiyo, na gari la Masisi likasimama uani hadi mchana, dereva akilala juu ya usukani. Mkurugenzi alikuja mwenyewe. Alisema wiki ikiisha hivi, magari yatarudi kwenye karatasi na mimi nitarudi kwenye taipu, kwa kuwa wasichana huandika taipu vizuri. Alisema kwa upole kabisa. Hadi leo nikikumbuka upole ule damu inanichemka.

Nisikufiche, niliogopa. Taipu nilikuwa naiweza, haikuwa aibu, na nyumbani walikuwa wakijivuna nayo. Lakini nilikwisha kuonja kitu kingine. Nilikuwa nimeketi usiku na mchana nikifikiri, na fikra zangu zikageuka gari linalopanda mlima na dawa ndani yake. Mtu aliyeonja hilo hawezi kurudi kupiga barua za mwenzake akabaki mzima. Ndiyo maana siku ile ile ya robine nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Célestin. Yeye peke yake aliruhusiwa kufuta nafasi iliyotengwa na mwingine.

"Papa," nikamwambia, "ile fasi ya Déo haina kitu ndani. Uifute, niingize yangu. Wiki inaisha."

Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe.

"Asubuhi ulicheka, Imma."

"Nilicheka nini?"

"Ule kijana wa viatu. Ulicheka kupita siye bote. Sasa umekuja kuniomba nitupe bidoni ya mutu nyuma."

Nikamjibu, na ulimi wangu wakati ule ulikuwa mkali kuliko sasa, kwamba haifanani hata kidogo. Mwenye bidoni ile alikuwa ananyonyesha. Déo yuko pale pale, mzima, anakula mahindi. Tena bidoni ile ilikuwa moja, na huyu amezipanga za kijiji kizima.

"Ulishamuuliza?" akasema.

"Nimuulize nini?"

"Kitu anaogopa. Mutu hawezi kushika ukuta muzima bure. Iko kitu anaogopa." Kisha akanikazia macho. "Kwenu Masisi mulikuwa na ngombe. Kuchunga ni nini?"

Nikafikiri ananitania. "Kutembea nazo," nikasema. "Asubuhi mpaka magaribi, uko nyuma yazo."

"Basi Déo amekalia. Na weye unataka kunyanganya. Hakuna hata mumoja wenu anachunga. Toka, mutoto wangu, chai yangu inapoa."

Nilitoka nimevimba. Nilizunguka ua wa ghala nikimjibu moyoni, majibu mazuri ambayo hayakunijia nilipoyahitaji. Lakini lile neno lilinifuata. Nyumbani kwetu tulizungumza Kinyarwanda, na kwa Kinyarwanda kwenda na ng'ombe malishoni kuna neno lake, na kulinda kitu kisipotee kuna neno jingine. Kiswahili chetu cha Goma kimetupatia neno moja kwa yote mawili, na mimi nilikuwa nikilisema kila siku kwenye robine bila kulisikia. Baba yangu alichunga maisha yake yote. Mchungaji akikaa chini, ng'ombe wanaingia kwenye maharagwe ya jirani. Akitaka nyasi za mwenzake, anakwenda kwanza kumwita mwenzake. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma, nikayaacha mlangoni nilipoingia kwenye chumba cha mashine.

Nikamkuta Déo nyuma ya ghala, juu ya mawe, na hindi lake la kuchemsha. Nikakaa. Sikuwa na maneno mazuri, kwa hiyo nikauliza vibaya.

"Déo, juu ya nini ulichukua fasi kubwa vile?"

Alitafuna, akameza. Kisha akaniambia kwamba kabla ya kuja kwetu alifanya kazi mahali pengine, na baba yake akafa, akaenda kuzika Rutshuru. Aliporudi alikuta mtu kwenye kiti chake. Kazi yote aliyokuwa ameianza ilikuwa imefutwa ili kumpisha huyo mgeni, na hakuna aliyemwambia hata pole.

"Hawakuniita," alisema. "Simu ilikuwako. Hawakuniita tu. Nikasema kule nitaingia sasa, nitachukua kubwa, ili hata bakinikata, kibaki kitu."

Mwanangu, nilikuwa nimemchukia mtu yule wiki nzima. Pale juu ya mawe chuki ikaniishia, nikabaki na huzuni, na aibu ya kwamba kwa siku zote tulizokaa chumba kimoja sikujua kuwa hana baba. Nikamwambia habari yangu pia, taipu na mkurugenzi na kila kitu. Akaacha kutafuna.

"Weye? Warudishe weye kwenye taipu?" akasema. "Hapana."

Tukaingia ndani tukakaa mbele ya skrini moja. Tukapima programu yake ya chanjo, ile iliyoandikwa na ile iliyobaki kichwani mwake, tukaongeza na ya kukua baadaye. Hata hivyo ilihitaji sehemu ndogo tu ya ukuta alioushika. Aliona mwenyewe, lakini mkono wake ulikataa kusogea. Nilimwelewa. Ukifuta nafasi kubwa ili utenge ndogo, kuna muda mfupi katikati ambapo huna kitu chochote chenye jina lako, na mtu aliyewahi kufutwa huujua muda huo.

"Tuanze na yako," nikamwambia. "Yangu ifuate. Na ukitoka, nitakuchungia."

Papa Célestin akaja, akasimama nyuma yetu, na Déo alipomkubalia kwa kichwa, akaifuta ile kubwa. Kabla hajaondoa mkono nikaandika amri ya kutenga nafasi mpya, na jina la kwanza nililoandika lilikuwa la Déo. Mashine ikakubali. Déo akaliona jina lake likitokea kwenye skrini, akavuta pumzi. Ndipo nikatenga yangu ubavuni mwake, mbali kabisa na programu ya ghala, nikaijaza, nikaihifadhi.

Tukamwita Mama Vumilia. Alikuja na biki yake sikioni, hana imani na sisi hata chembe. Akafungua programu ya ghala. Akafungua yangu. Mashine ikasita kidogo, kisha safari za magari zikatokea na dawa za ghalani zikiwa bado ziko wazi.

"Zote mbili zimekuja," akasema Mama Vumilia. Akageuza kiganja chake kitupu, akakitazama, akatucheka.

Sikurudi kwenye taipu. Mkurugenzi alisema vizuri, vizuri, akaenda zake, na mimi nikajua kwamba nitamzeekea pale pale machoni pake, jambo ambalo nimelifanya.

Ngoja, sijamaliza. Baadaye mtoto wa Déo aliugua, akapelekwa Rutshuru kwa bibi yake, na Déo akamfuata. Alikaa sana. Ikaja programu nyingine inayotafuta nafasi, na wakati huo mimi ndiye niliyepewa ruhusa aliyokuwa nayo Papa Célestin. Mkurugenzi aliniambia, kwa ule upole wake, nifute ile nafasi ya Déo maana haina kitu. Ilikuwa kweli haina kitu. Nikamwambia nitamwita mwenyewe kwanza. Nikampa ujumbe dereva wa gari la Rutshuru: muulize Déo kama bado anaihitaji. Dereva alirudi na jibu na mahindi ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye jani la mgomba. Jibu lilikuwa hivi: "Bado naihitaji. Lakini nusu inatosha. Hiyo ingine upatie mwenzetu."

Yule aliyeshika ukuta mzima, mwanangu. Nusu alitoa mwenyewe, kutoka mbali, kwa kuwa aliitwa. Mtoto alipona. Déo akarudi, akamaliza programu yake, akaitia mahali palipokuwa pamemsubiri, na chanjo zikaanza kupanda Masisi zikiwa bado baridi. Mama yangu alikuwa na wajukuu kule juu. Sasa Déo ni mzee kama mimi, anakaa njia ya Sake, kabla ya Lac Vert, na mahindi hajaacha.

Nimekusimulia haya kwa sababu ya swali ulilokuja nalo jana. Umesema kwenye ile mashine mnayoitunza kuna kipande cha kumbukumbu kilichotengwa kwa jina la mwenzako aliyekwenda kujifungua, kimekaa kitupu, na wakubwa wamekuambia ukifute. Umesema ni amri fupi, mstari mmoja. Najua ni mstari mmoja. Niliijua kabla hujazaliwa.

Sikukatazi kukifuta. Pengine hakihitaji tena, pengine wengine wamebanwa kweli, na nafasi ya wote haifai kukaliwa na jina tupu milele. Ninachokuomba ni kwamba umwite kwanza. Mpigie simu, muulize habari za mtoto kabla ya habari za mashine, kisha muulize anahitaji kiasi gani. Akisema hahitaji, futa kwa amani. Akisema bado, mpimie kinachomtosha, andika jina lake kabla ya la mtu mwingine, na wakubwa uwaambie hivyo kwa heshima, bila kutetemeka. Na siku wewe mwenyewe utakapotenga nafasi, chukua inayokutosha, uwe unarudi kuitazama. Ukishika kubwa kwa hofu, tafuta mtu mmoja wa kumwambia hofu yako. Itakuwa rahisi kuachia. Kumbukumbu ya mashine ni ya wengi, na kila jina lililomo lina mtu aliyeliandika akitumaini kurudi.

Sasa mpigie, asubuhi hii, mtoto akiwa amelala. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo wa kungoja. Akupe wenzako watakaoisukuma bidoni yako mbele siku ambayo huwezi kusimama kwenye mstari. Mama yangu aliponiaga kuja Goma aliniambia kwa Kinyarwanda Mungu akulinde, na nilipomfasiria jirani yetu wa Murara, neno lililonitoka kinywani lilikuwa ni hili hili moja la kuchunga. Nami nakupa lote, na malisho yake na ulinzi wake: Mungu akuchunge, mwanangu.